Kiroba cha Mkwe

"Mama, jana ulikula nini?"

"Na wewe mwanangu, umekuwa polisi? Nilikula ugali na mlenda, kama watu wote."

"Mlenda mtupu?"

"Mtupu kwa nini, na mimi nina mkwe? Nilitia karanga."

Tereza alicheka. Kicheko kikamkata pumzi, akageukia pembeni na kutapika kwenye beseni. Penina akamshika mgongo huku akimwangalia usoni. Macho ya mama yake yalikuwa ya manjano. Tumbo lilikuwa limevimba kama la mwenye mimba ya miezi saba, wakati mikono ilibaki ngozi na mifupa. Miezi mitatu nyuma mama huyu alikuwa anabeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani Chamwino huku akiimba nyimbo za kwaya. Leo alikuwa kwenye kitanda cha hospitali mjini Dodoma, na hata kuketi alikuwa anasaidiwa.

Daktari, binti mdogo tu mwenye sauti ya upole, alimwita Penina koridoni.

"Wewe ndiye mtoto wake?"

"Ndiyo, daktari. Peke yangu."

"Ini la mama limechoka sana. Virusi vya homa ya ini hana, pombe hanywi. Sasa nataka kujua anakula nini. Mahindi mnahifadhi wenyewe?"

"Hapana, tunanunua unga wa dukani."

"Karanga?"

"Karanga ni zetu. Za mradi wetu wa chuo."

"Ziliwahi kupimwa sumukuvu?"

Neno hilo Penina alilijua vizuri. Alikuwa mwaka wa tatu, anasomea biashara ya kilimo, na mwaka wa pili aliandika kurasa tatu za mtihani kuhusu sumukuvu: kwamba inatoka kwenye kuvu inayoota juu ya karanga na mahindi yaliyopata unyevu, kwamba ukichemsha haitoki, ukikaanga haitoki, na kwamba inakula ini la mtu taratibu bila kelele. Alipata A.

"Zilipimwa, daktari. Mwenzangu ndiye aliyepeleka maabara. Ngoja nimuulize."

Akapiga simu palepale.

"Casto, uko wapi?"

"Niko maktaba. Mama anaendeleaje?"

"Siyo vizuri. Daktari anauliza kuhusu karanga zetu. Majibu ya maabara yalisemaje?"

Upande wa pili kitabu kikafungwa.

"Casto? Unanisikia?"

"Nakusikia, ni mtandao tu huu. Majibu yalikuja mazuri, Peni. Safi kabisa. Si nilikuonyesha cheti?"

"Ulinionyesha. Nilitaka uhakika tu."

"Uhakika ndio huo."

"Afadhali. Basi nampikia uji wa karanga, apate nguvu. Kila anachokula anakitapika."



"Mpikie wa mtama," Castory alisema. "Mafuta yatamsumbua."

"Wa mtama haupendi. Wa karanga anakunywa mpaka anasafisha kikombe."

"Haya. Sawa."

Penina akamgeukia daktari akasema karanga ni safi, zina cheti. Daktari akaandika kwenye faili, akahamia maswali mengine: dawa za kienyeji, maji ya kisima, dawa za kuulia wadudu. Na jioni ile Penina akamnywesha mama yake uji wa karanga, kijiko kwa kijiko, akimsifia kila alipomeza.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana usipojua mwanzo wa kiroba hiki hutaelewa kwa nini mimi mwenyewe nikisimulia nasikia hasira.

Penina na Castory walianza kupendana mwaka wa kwanza. Castory alitoka Kibakwe, kwenye vilima vya Mpwapwa, kijana mrefu mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wenzake walipomtongoza Penina kwa chipsi na vocha, yeye alimwambia hivi:

"Mimi sitafuti ajira, Peni. Natafuta kampuni. Na kampuni haiendeshwi na mtu mmoja."

"Kwa hiyo unanitongoza au unaniajiri?"

"Nakupa hisa nusu."

Alicheka mpaka akasahau kukataa.

Mwaka wa tatu, mwalimu wao, Dk. Bashiri, aliwapa kila kundi kazi moja: kuanzisha biashara ya kweli na kuiendesha mwaka mzima. Kundi lisilofanya biashara linarudia mwaka. Kundi bora linasimama kwenye banda la chuo maonyesho ya Nanenane. Castory, Penina na rafiki yao Hilda wakaamua kutengeneza siagi ya karanga. Karanga zikaletwa kutoka Kibakwe, viroba thelathini, kutoka ghala la baba yake Castory. Ghala hilo paa lake lilivuja mvua za kwanza. Hakuna aliyeona ni jambo kubwa. Waliona ni suala la kuchambua tu.

Wakakaa uani kwenye chumba walichopanga, kila Jumamosi, wakichambua mpaka vidole vinauma. Nzima upande huu. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoota ukungu upande ule. Nzima zikaenda kwenye mashine. Maganda wakayachukua wachoma matofali. Zikabaki zile mbovu.

Sasa hapa ndipo uelewe desturi yetu. Sokoni Chamwino, mwanamke akikuchambulia karanga, anaondoka na mbovu. Ndivyo ilivyo, hakuna anayeuliza. Anakwenda nazo nyumbani, anazitwanga, anaunga mboga, watoto wanakula. Tereza alimlea Penina hivyohivyo baada ya kufiwa na mume, akichambua karanga za wafanyabiashara. Penina alikua kwa mbovu. Ndiyo maana siku Castory alipofunga kiroba cha kwanza kwa kamba na kusema, "Hizi zote ni za mama mkwe, yeye asichambue tena za watu," Penina alimkumbatia mbele ya Hilda bila aibu.

Dk. Bashiri naye alipoona kwenye andiko lao kwamba hakuna kinachotupwa, alilisifia mbele ya darasa zima. Watu watatu wenye A za sumukuvu, na mwalimu juu yao, hakuna hata mmoja aliyeinama kukiangalia kile kiroba. Darasani sumukuvu ilikuwa swali la mtihani. Uani kwao zilikuwa karanga tu.

Kila wiki Penina alipeleka kiroba Chamwino. Na kila wiki mama alipiga simu.

"Mkwe, Mungu akubariki. Kimefika."

"Amina, mama. Usichoke kula."

Barua ya posa ilipelekwa mwezi wa pili na ikakubaliwa. Ndoa ingefungwa baada ya mahafali. Kwaresma ilipoanza, Castory akaenda Chamwino kumsalimia mama mkwe rasmi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbukwa, kwa Kigogo chetu! Kaa hapo kwenye kiti, usikae kwenye mkeka mimi nitaona haya. Penina, lete maji anawe."

Ukaja ugali wa uwele na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, nzito, inanukia. Castory akaiangalia, akarudisha mikono magotini.

"Mama, unisamehe. Nimefunga."

"Umefunga?"

"Ni Kwaresma, mama."

Tereza alipiga kigelegele kidogo. "Penina, umeona? Umeniletea mtu wa Mungu! Basi mimi nitakula na sehemu yako, mkwe, usione vibaya."

Akala. Castory alikaa pale akimwangalia tonge baada ya tonge. Jasho lilimtoka, na Tereza akasema ni joto la bati.

Wakirudi mjini, saa tisa mchana, Castory akanunua mishkaki mitano kituoni.

"We si umefunga?" Penina akamuuliza huku akicheka.

"Nilifunga mpaka saa tisa."

Penina akamwibia mshikaki mmoja. Mapenzi yana upofu wake, na upofu huo wakati mwingine una ladha ya nyama.

Mwezi wa tatu mama akaanza kuchoka. Akasema ni uzee. Mwezi wa nne miguu ikavimba, akasema ni chumvi. Alipokuja kukubali kupelekwa hospitali, macho yalishageuka rangi.

Siku ya nne wodini, Castory alikuja na machungwa. Tereza alijitahidi kuinuka.

"Mkwe, kiroba cha wiki hii kimefika nyumbani?"

"Mama, pumzika kwanza."

"Nakuuliza kwa sababu majirani wananingoja. Mimi siyo mchoyo. Kila mama pale mtaani nimempa kopo lake, wajue nina mkwe. Hata mama Zaidi, yule mwenye kisirani, nimempa, nikamwambia kula, za mkwe wangu hizi."

Castory alisimama ghafla kama aliyeitwa. Penina alimkuta koridoni amegeukia ukutani, analia mabega yakitikisika.

"Jamani Casto. Atapona."

"Penina, mimi..."

"Usilie. Ukilia wewe na mimi nitashikwa na nani?"

Alitaka kusema, hilo naliamini. Mdomo ulifunguka. Kisha nesi akapita na toroli la dawa, mdomo ukafungwa, na Penina akampenda siku ile kuliko siku zote, kwa sababu ya yale machozi.

Tereza alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, kikombe cha uji kikiwa bado cha moto pembeni.

Walimzika Chamwino. Castory alishika jembe kaburini mpaka malengelenge yakapasuka mikononi. Wazee wakatazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika: huyu ni mkwe kweli.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuondoa msiba. Watu walijaa uani tangu asubuhi, wanaume upande wa turubai, wanawake upande wa jiko. Ilipofika saa sita, Mjomba Luka, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama kutoa neno la familia. Penina alikuwa ndani amelala kwenye mkeka. Simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa Hilda, aliyebaki chuoni kukamilisha ripoti yao.

"Peni pole tena shoga yangu. Sijui hata nianzeje. Nipo na kompyuta ya kundi natengeneza viambatisho. Kuna majibu mawili ya maabara, siyo moja."

Kisha:

"La kwanza ni la nzima, ndilo lile la cheti. La pili ni la mbovu. Casto alimwambia Dk. Bashiri sampuli ya pili ilipotea. Haikupotea. Alifungua hili faili tarehe 29 Januari."

Kisha picha. Penina aliikuza kwa vidole viwili. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa: kumi. Kilichopatikana: elfu moja mia mbili na arobaini. Chini kabisa maabara iliandika kwa herufi kubwa: ISITUMIKE KWA CHAKULA CHA BINADAMU WALA MIFUGO.

Aliisoma mara tatu. Januari. Viroba vya Februari alivipeleka yeye. Vya Machi alivipeleka yeye. Akaukumbuka ule mchana wa Kwaresma, na jasho, na mishkaki. Akaikumbuka simu ya koridoni. Halafu akaukumbuka uji. Akakaa kitako, akaziba mdomo kwa kitenge ili asipige ukelele, maana nje Mjomba alikuwa anaongea.

Ndipo pua yake ikanasa harufu ya jikoni.

Alitoka mbio pekupeku. Sufuria tatu kubwa zilikuwa mekoni. Mama mdogo Evodia, mdogo wa marehemu, alikuwa anakoroga mboga kwa mwiko mrefu.

"Mama mdogo, mboga hii mmeunga na karanga za wapi?"

"Za marehemu mwenyewe. Kiroba cha mkwe kilibaki nusu. Tukasema ni heshima watu wazile leo."

"Kuna mtu ameshakula?"

"Bado, tunamngoja mjomba wako amalize."

"Usipakue. Hata kijiko, hata kwa mtoto."

"Penina, una nini? Watu zaidi ya mia wana njaa!"

"Mama mdogo, nakuomba kwa jina la dada yako. Nipakulie sahani moja tu. Nyingine zote zifunike."

Evodia alimtazama usoni, akaogopa, akapakua.

Upande wa turubai Mjomba Luka alikuwa amefika mahali pake pazuri. Pembeni yake alikaa Filipo, mtendaji wa kijiji, na upande wa pili Castory, kwenye kiti cha heshima.

"Ndugu zangu, tumeona wakwe wengi. Wapo wanaokuja wakati wa posa, ukiugua huwaoni. Lakini huyu kijana! Dada yangu ameondoka duniani akiwa ameshiba mkono wa mkwe. Kila wiki kiroba. Kila wiki! Mimi nasema leo mbele yenu, hata kama ndoa haijafungwa, huyu ni mtoto wetu."

Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi Penina akatokea na sahani, birika na beseni la kunawia. Akapiga magoti mbele ya Castory kama mke anavyopiga. Wanawake wazee wakaguna kwa raha.

"Nawa, Casto."

"Peni, wazee kwanza."

"Wazee wameshasema wewe ni mtoto wao. Nawa."

Akanawa. Maji yakamwagika kwenye suruali. Penina akamwekea sahani magotini.

"Kula."

Castory aliangalia mboga. Aliijua rangi yake.

"Sina njaa. Msiba huu..."

"Kula tonge moja. Mama alikula na sehemu yako, ukumbuke. Leo kula na sehemu yake."

"Penina, twende pembeni tuongee."

"Sitoki hapa. Kula."

Mjomba Luka akacheka kwa wasiwasi. "Mwanangu, mwache mwenzio, uchungu ukizidi chakula hakipiti."

"Mjomba, samahani, sikukosei heshima. Nataka ale, au awaambie hawa watu kwa nini hali."

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa. Castory alishika tonge. Alilishika, akalifinyanga, likafika karibu na kidevu. Kisha mkono ukashuka.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Penina, tafadhali."

"Kwa nini, Castory?"

"Zina sumu."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kwa kuwa palikuwa kimya ilifika mpaka jikoni. Mama mdogo Evodia alidondosha mwiko.

"Ulijua lini?" Penina aliuliza. Bado alikuwa amepiga magoti.

"Mwisho wa Januari."

"Mama alianza kuumwa lini?"

"Machi."

"Ukawa unafunga viroba kwa mikono yako."

"Nisikilizeni!" Castory alisimama, sahani ikaanguka, kuku wakakimbilia na mtu akawafukuza kwa fimbo. "Ningesema, mzigo wote ungeteketezwa. Mradi ungekufa, tungerudia mwaka wote watatu. Nikajiambia watu wetu wamekula mbovu tangu babu na bibi, wamezeeka nazo. Nikaona labda maabara wamekosea. Halafu nilijaribu kuacha! Peni, wewe ni shahidi, kuna wiki nilisema zimekwisha."

"Nakumbuka."

"Mama alinipigia simu siku ileile. Akaniuliza, mkwe, nimekukosea nini? Akasema kama kuna neno baya nimelisikia kuhusu yeye nimwambie aombe radhi. Mama mzima, ananiomba radhi mimi! Ningemjibu nini? Kwamba nimekulisha sumu wiki tatu? Nikashindwa. Wiki iliyofuata nikatuma viroba viwili."

Nadhani hakuna mtu pale ambaye hakumwelewa. Na hilo ndilo lililouma zaidi. Kila mwanamume pale anajua aibu ya kumnyima mama mkwe.

"Nilipokupigia simu kutoka hospitali," Penina akasema, "hapo mama alikuwa hai."

Castory akainama kuiokota ile sahani.

"Daktari alikuwa amesimama mbele yangu na kalamu mkononi. Ungesema neno moja. Ukaniambia ni safi. Nikaenda kumpikia uji, siku kumi na moja. Nilikuwa namwambia mama meza, meza upate nguvu."

Mjomba Luka, mzee wa miaka sabini, alichukua fimbo yake na kuiinua. Vijana wawili wakamshika.

"Niachieni! Nimemwita mtoto mbele za watu!"

"Mjomba, usimpige," Penina akasema. "Ukimpiga ataondoka hapa akiwa ndiye anayeonewa huruma."

Kutoka upande wa wanawake, mama mmoja aliinuka taratibu. Alikuwa mama Zaidi, yule jirani mwenye kisirani.

"Penina, zile alizonipa marehemu, za kwenye kopo... ndizo hizohizo?"

"Ndizo, mama."

"Mjukuu wangu anatapika tangu Jumapili."

"Macho yake ukiyaangalia yakoje?"

Mama Zaidi alishika kichwa.

"Mchukue sasa hivi, mama. Bodaboda ipo hapo nje. Ukifika hospitali, kabla hujaulizwa, waambie sumukuvu. Sema amekula karanga zenye sumukuvu. Usiseme homa, usiseme amerogwa. Sema hivyo hivyo."

"Sumu... nini?"

Penina akachukua kalamu ya mtendaji Filipo, akamwandikia kwenye kiganja. Mama Zaidi akatoka mbio, khanga ikimdondoka begani.

Kisha wanawake wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Walirudi na makopo, vibuyu, mafundo ya khanga, mifuko ya rambo. Wakamwaga karanga chini mbele ya jiko. Penina alihesabu nyumba kumi na tisa akaacha. Mama yake alikuwa na kiroba kimoja kwa wiki na alikigawa mtaa mzima, kwa kujivunia tu. Mama mdogo Evodia akazimwaga sufuria zote tatu kwenye shimo la taka, akilia kwa sauti. Watu zaidi ya mia wakabaki na njaa, na hakuna aliyelalamika.

Castory alimfuata Penina pale kwenye lile lundo.

"Nakupenda, Penina. Mungu ndiye shahidi wangu. Kila nilichoficha nilikificha ili tusipoteze maisha yetu."

"Najua unanipenda."

"Basi nipe nafasi. Hata baada ya miaka."

"Mama naye alijua unanipenda. Zilipokuwa chungu mdomoni alisema ataongeza chumvi, asije akakuvunja moyo. Mapenzi yako ndiyo yaliyomfanya amalize sahani." Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kiti cha heshima alichokuwa amekalia. "Barua yenu ya posa itarudishwa na Mjomba. Nenda, Casto. Ila usiende kwenu. Mtendaji anakuhitaji."

Filipo alikuwa ameshafungua daftari lake. Alikuwa mtu wa taratibu, hakuwahi kuandika kesi ya namna hii, na alikaa muda akifikiria aandike nini juu ya ukurasa.

"Binti," akasema, "hii inabidi niipeleke polisi leo hii. Na pale chuoni kwenu wajue. Ile biashara yenu mmeshauza chupa ngapi?"

"Zile zilitoka kwenye nzima, zilipimwa. Lakini nao wazipime upya. Namba ya Dk. Bashiri ninayo, nampigia mwenyewe."

"Mtarudia mwaka."

"Mimi sijui kama nitarudi kabisa."

Mtendaji akakohoa. "Haya. Nahitaji majina ya waliompa marehemu hizi karanga. Jina kamili la huyu kijana ni nani?"

Castory akafungua mdomo. Penina akamtangulia.

"Anza na langu."

"Lako? Wewe ni mfiwa, binti. Hukujua kitu."

"Nilifundishwa darasani, nikafaulu. Kiroba kilitoka kwake lakini aliyekibeba ni mimi. Mbovu nilizichambua mimi, kwa mikono hii, nikaona ukungu, nikafunga kamba. Na uji nilimnywesha mimi." Akakaa chini kwenye udongo, karibu na miguu ya mtendaji, akaunyoosha mkono kulishika daftari lisitikiswe na upepo. "Andika, baba. Penina, binti wa Tereza. Halafu mwandike na yeye."